Siku Niliyofunua Chungu cha Mama Niwaeli

Majuzi wanawake wa mtaani kwetu hapa Same tulipanga kupika na kula pamoja. Mwenyekiti wetu, mama mchapakazi mwenye sauti ya kuita mabasi, akatangaza kwamba kila mtu aje na hotipoti yake imeandikwa jina kwa makapeni, ili tujue nani kaleta nini. Wenzangu wakaona ni jambo la maana sana. Mimi nikaishika ile kalamu, harufu ya wino ikanipanda puani, mkono ukagoma. Jirani yangu akanitania, "Vipi shoga, jina lako limekupotea?" Nikacheka, nikaliandika kwa herufi ndogo karibu na kitako. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikimuwaza mwanamke mmoja wa huko juu milimani. Nilichomfanyia sijawahi kumwambia mtu, hata mume wangu, na ninyi mtakaosoma mnanijua kuwa mimi si mtu wa kukaa na maneno tumboni.

Nilikuwa na miaka kama kumi. Baba alikuwa na duka la nafaka kando ya barabara kuu, pale ambapo vumbi la malori huingia mpaka kwenye chai. Mama alikuwa mjamzito, mimba ikamsumbua, akaambiwa alale tu asiguse kazi. Basi mimi nikapelekwa juu kwa bibi mzaa mama, nikae naye mpaka mtoto azaliwe na mama apate nguvu. Nilipanda milima ile nikiwa nimenuna, na viatu vyangu vya shule vya kung'aa, nikijiona mtoto wa mjini niliyeonewa na dunia.

Niseme ukweli, nilikuwa mtoto mjuaji. Dukani baba alikuwa ananisimamisha kando ya mizani, ananiambia, "Wewe macho yako makali. Angalia mikono ya mtu, usiangalie mdomo wake." Nikawa naangalia. Nikiona mtu anaegemeza kidole kwenye sahani ya mizani napiga kelele, na baba ananisifu mbele ya wateja. Sifa zile zilinilevya. Nilifika kwa bibi nikiamini kuwa kazi yangu duniani ni kukamata wezi.

Bibi alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mvuta ugoro, mwenye mgongo uliopinda kwa kubeba. Hakuwa mtu wa kubembeleza. Siku ya kwanza alivitazama viatu vyangu, akasema, "Hivyo viweke kwenye sanduku, utaenda navyo kwenu." Basi nikatembea pekupeku kwenye udongo mwekundu na baridi, nikalia, hakuna aliyenisikiliza.

Juu ya kijiji kulikuwa na ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo sisi Wapare tumelirithi kwa wazee. Maji ya chemchemi yanajikusanya humo usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji mpaka kwenye maharage na tangawizi za watu, kila nyumba kwa zamu yake. Ndiva inajaa tope, na tope lazima litolewe. Pembe inapulizwa jioni, na kesho yake hakuna anayekwenda shambani kwake. Huo ndio msaragambo, kazi ya kijiji kizima. Asiyetoka kwenye msaragambo hana zamu ya maji, na hilo halikuwa na mjadala.

Msaragambo wangu wa kwanza niliupenda, sitasema uongo. Wanaume walikuwa ndani ya tope mpaka magotini, wanawake wamejipanga wanapokezana makarai, na utani ulikuwa unaruka huku na huku kiasi kwamba hata mimi mwenye kununa nilijikuta nacheka. Anayecheka kuliko wote alikuwa Mama Niwaeli. Huyu alikuwa mjane, mrefu, mweusi wa kupendeza, aliyeolewa pale kutoka Kwakoa, huko tambarare karibu na ziwa Jipe. Binti yake, Niwaeli, tulikaa naye dawati moja shuleni. Mama Niwaeli alikuwa akicheka anainama, anashika magoti, karai linamponyoka, tope linamrukia jirani, na jirani naye anacheka. Watu walikuwa wanagombania kusimama karibu naye kwenye mstari.

Mchana ulikuwa wa makande. Na hapa ndipo panapotaka kueleweka. Kila nyumba ilileta chungu chake kimefunikwa kwa jani la mgomba, jani limefungwa kwa kamba mpaka huoni kitu. Vyungu vyote vilipelekwa nyuma ya kiambaza cha majani, na huko alikuwepo mtu mmoja tu, bibi yangu. Yeye ndiye aliyefungua, akamimina vyote kwenye sufuria moja kubwa la kijiji, akakoroga, akavirudisha vyungu vikiwa vimesuuzwa. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuchungulia. Tulipakuliwa kwenye majani, mkubwa na mdogo, kutoka sufuria moja.

Halafu ukaja mchezo wao. Mtu anatafuna, anafumba macho, anauliza kwa sauti, "Jamani, leo nani kaweka utamu?" Na kila mtu anaitikia, "Mimi!" Mmoja anaapa kuwa nazi ni yake, mwingine anasema chumvi bila yeye mngekula majani, babu mmoja asiye na jino anadai mahindi kayachambua yeye kwa meno. Kelele, vicheko, ubishi wa uongo. Mimi nilikaa pembeni nikatabasamu, lakini moyoni nilijiuliza: sasa hawa watajuaje nani kaleta kidogo? Kule dukani kwetu jambo kama hili lisingepita hata siku moja.

Msaragambo wa pili ulikuja baada ya baba kututumia karanga. Alituma mfuko mzima kwa mtu aliyekuwa anapanda mlimani, na bibi akazitwanga zote akazitia kwenye makande ya msaragambo. Zote! Nilimwambia, "Bibi, si tubakize zetu?" Akasema, "Zetu zipi?" Niliumia, maana zile karanga zilikuwa na harufu ya nyumbani, ya magunia na ya shati la baba.

Siku hiyo mgongo wa bibi ulikataa kunyooka. Akaniambia nije nyuma ya kiambaza nimsaidie kuinua vyungu. "Unachokiona huku kinabaki huku," akasema. Nikaitikia haraka haraka, kama mtoto anavyoitikia jambo asilolisikia.

Nikaanza kufungua kamba. Cha kwanza makande mazuri, cha pili makande, cha tatu mahindi mengi maharage machache. Kisha nikafungua chungu kikubwa kizito, chenye ufa uliozibwa kwa lami. Nilikijua, nilikuwa nimemwona Niwaeli amekibeba kichwani asubuhi. Ndani kulikuwa na maji. Maji, na vipande vya papai bichi vilivyochemshwa, na punje za mahindi ambazo ningeweza kuzihesabu. Nikamtazama bibi. Bibi akakichukua chungu, akamimina pwaa kwenye sufuria kama alivyomimina vingine, akakoroga, akasema, "Lete kinachofuata."

Mimi nikawa nimekamata mwizi.

Mnisamehe, ndivyo nilivyofikiri. Sikufikiri kuwa mtu anaweza kubeba chungu kizito cha maji kilomita nzima ya mlima ili asije mikono mitupu. Nilifikiri ni ule ujanja wa kidole kwenye mizani. Na bibi kwa uzee wake, nikaona, hakuwa ameutambua.

Tukaketi kula. Karanga ziliyafanya makande yale yawe na ladha ambayo watu walinyamaza kidogo kuisikiliza. Niliona fahari, nikiwa nasubiri mtu aseme asante baba yake fulani. Badala yake Mama Niwaeli akanyanyua kidole chenye makande, akafumba macho, akauliza kwa sauti yake kubwa, "Jamani! Hizi karanga nani kazileta?" Wakaitikia wote, "Mimi!" Naye akasimama, tope limemkaukia mpaka mapajani, akajipiga kifua. "Acheni uongo wenu! Karanga ni zangu. Nimezibeba mwenyewe kutoka Kwakoa, zimenivunja shingo!"

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikasimama.

"Muongo!" nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, ilipenya kila mahali. "Karanga ni zetu, ametuma baba. Wewe chungu chako kilikuwa na maji na mapapai mabichi. Nimekiona mwenyewe!"

Mpaka leo nikikumbuka ukimya ule masikio yananiwaka. Nilikuwa nasubiri kusifiwa, wallahi. Niligeuka kumtazama bibi nikitegemea aseme "mtoto huyu macho yake makali." Bibi alikuwa ameinamisha kichwa, ameziba uso kwa kiganja. Hakuna aliyemtazama Mama Niwaeli. Watu wazima zaidi ya hamsini walikuwa wanayatazama majani waliyoshika. Niwaeli peke yake alikuwa ananitazama mimi, na jicho lake sikuweza kulikabili.

Mama Niwaeli aliweka chini jani lake, taratibu, asimwage hata punje. Akasema, "Mtoto kasema kweli." Akachukua jembe lake akarudi kwenye tope peke yake, akaendelea kulima lile tope wakati wengine tumekaa. Mzee mmoja akainuka akamfuata, halafu mwingine, mpaka wote wakainuka, na makande yenye karanga yakabaki kwenye sufuria yanapoa. Hakuna aliyetania tena siku hiyo.

Njiani bibi hakunipiga wala hakunigombeza. Nilitamani anipige. Tulipofika nyumbani akakaa kwenye kigoda, akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Mimi nimekaa na vyungu vya watu tangu mama yako hajazaliwa. Huyu mwaka huu hana, yule mwaka ule alikuwa hana. Hata mimi nimewahi kupeleka maji. Wewe umekaa navyo siku moja tu."

"Bibi, mimi nilidhani anaiba."

"Anaiba nini?"

Nilitafuta kweli alichoiba, sikukiona.

Kesho yake tukaenda kuomba radhi. Nilikuwa nimefundishwa maneno, nikayasema nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi la uani kwake. Mama Niwaeli aliniinua, akatuletea mahindi ya kuchoma, mawili, moja la bibi moja langu, na nina hakika ndiyo yaliyokuwepo. Akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Kwani si kweli?"

Bibi akamwambia, "Basi msaragambo ujao uje."

Akatabasamu, akatikisa kichwa. "Mama, papai naweza kula hata hapa kwangu. Kule nilikuwa nakwenda kucheka. Sasa nitachekaje?"

Mimi niliona ametabasamu, nikajua yamekwisha. Nikarudi nyumbani nikirukaruka. Watoto!

Pembe ilipopulizwa tena hakutoka. Mara moja, mara mbili. Zamu yake ya maji ikampita, kwa sababu sheria ni sheria na yeye mwenyewe hakutaka aonewe huruma. Mboga zake zikanyauka. Na msaragambo ulikuwa wa kazi tupu sasa. Watu walitoa tope, wakala, wakaondoka. Mtu mmoja alijaribu kuuliza nani kaweka utamu, na wachache waliitikia, lakini macho yao yalikuwa yananikwepa. Niligundua siku ile kuwa kijiji kizima kilikuwa kinamtegemea yule mama kwa kitu ambacho hakikai chunguni. Na mimi, mtoto wa kuja, ndiye niliyekiondoa.

Nikataka kutengeneza. Nikachota maharage ya bibi, kikombe hiki, kikombe kile, nikayafunga kwenye kitambaa, nikayaweka mlangoni kwa Mama Niwaeli alfajiri kabla ya shule. Juu yake nikaweka karatasi ya daftari: "Haya ni yenu. Ni mimi." Niliandika jina langu lote, na la baba.

Saa nne, wakati wa mapumziko, Niwaeli akaja na kile kitambaa vilevile, fundo halijafunguliwa. Akakiweka juu ya dawati letu. "Mama anasema asante. Anasema haya yana mwenyewe." Akachukua daftari zake, akahamia dawati la nyuma. Tulikuwa tumekaa pamoja, tukigawana kalamu ya risasi kwa kuivunja katikati, na kuanzia siku ile nikawa nakaa peke yangu kwenye dawati la watu watatu.

Halafu, kipindi cha kiangazi kikiwa kimebana kweli, Mama Niwaeli akatoka. Alikuja kwenye ndiva na jembe begani na chungu kichwani, kile chenye ufa. Hakikufunikwa. Hakikuwa na jani wala kamba. Hakukipeleka nyuma ya kiambaza, alikitua katikati ya watu, akasema, "Cha kwangu hiki. Mtazame." Kilikuwa kimejaa maharage, mengi kuliko mahindi, makubwa, mekundu, yanang'aa.

Wanawake wakatazamana. Kisha mmoja akalifungua jani lake naye, nadhani ili asimwache peke yake. Mwingine akafungua. Ikawa kila mtu anafungua, na kila mtu anatazama cha mwenzake, na wawili nikawaona wanarudi nyuma na vyungu vyao kimya kimya, wakaondoka navyo hivyohivyo vimefungwa. Bibi alisimama nyuma ya kiambaza na mwiko wake, hana cha kufungua. Nilimwona anasimama pale muda mrefu, kisha akaja akaketi na wengine kama mgeni.

Nilikula yale maharage. Yalikuwa matamu, na nikafurahi kijinga, nikidhani Mama Niwaeli amepata neema. Usiku bibi akaniambia, "Umeona yalivyolingana? Hakuna hata moja lililotobolewa na mdudu. Ile ilikuwa mbegu."

Mtoto wa muuza nafaka nilielewa hilo bila kuelezwa. Mbegu unazichagua moja moja wakati wa mavuno, unazichanganya na majivu, unazificha hata njaa ikuite vipi. Mama Niwaeli alikuwa amekaa na njaa na mbegu ndani ya nyumba moja, akala mapapai, hakuzigusa. Alizigusa kwa ajili ya mdomo wangu. Nililia usiku ule mpaka kamasi likalowesha mkeka, na bibi hakunibembeleza, akanisogezea tu upande wa blanketi.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa mlima Shengena. Mama Niwaeli alikuwa amekwisha kulima shamba lake, lile dogo lililo chini ya mfereji, udongo umepinduliwa vizuri unasubiri. Akafunga mlango, akamchukua Niwaeli, akashuka Kwakoa kwa kaka zake kuomba mbegu. Watu wakasema kwa sauti ndogo kwamba kaka zake nao hawana, na kwamba mtu akishuka hivyo na mtoto na mkeka, huwa harudi. Mvua ya kwanza ikanyesha. Mashamba yote yakajaa watu, lile likabaki wazi, na kila asubuhi nikienda shule nililipita.

Siku ya tatu nikachota maharage ya bibi. Nilikuwa naiba, nayo naungama leo. Safari hii sikuandika karatasi. Nilitoka mapema, nikaingia shambani, nikachimba kwa kijiti, nikatupia mawili, nikafukia. Sikujua kupanda; mistari yangu ilikwenda kama mlevi. Nilipanda mistari miwili, nikakimbilia shule magoti yakiwa yamejaa udongo.

Kesho yake nikarudi kuendelea, nikakuta mistari minne.

Nilihesabu mara mbili. Miwili ya kwangu, imepinda, na miwili iliyonyooka kabisa, ya mtu anayejua. Nikatazama huku na huku. Palikuwa na ukungu, na migomba inadondosha maji, hapakuwa na mtu. Nikapanda wangu. Keshokutwa yake kona nzima ya juu ilikuwa imepandwa, na alama za nyayo zilikuwa za miguu tofauti, mguu mpana, mguu wenye kidole gumba kilichokwenda pembeni, na mashimo ya mkongojo. Sikukutana na yeyote. Bibi nyumbani aliona maharage yanapungua, akasema tu, "Panya wa mwaka huu wana bidii," na jioni nikakuta kibakuli cha maharage kimejazwa tena.

Nitasema jambo ambalo linaniaibisha kwa namna yake. Zile asubuhi zilikuwa za furaha kuliko zote za utoto wangu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope, mikono imekufa ganzi, hakuna anayeniona wala atakayenisifu, na nilijisikia nimezungukwa na watu. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Sikustahili furaha ile, maana niliipata juu ya jeraha la mwenzangu nililolifanya mimi, lakini ilikuja, sikujua kuikataa.

Maharage yakaota. Yakaota ya kila namna, majani mapana, majani membamba, yale ya kutambaa katikati ya yale ya kusimama, shamba zima kama nguo ya viraka. Penye mapengo nikawa narudishia.

Na ndipo asubuhi moja, nimechuchumaa katikati ya mistari na pindo la sketi yangu ya shule limejaa mbegu, nikasikia mtu amesimama. Mama Niwaeli alikuwa juu ya tuta la mfereji, na mkeka kichwani, na Niwaeli nyuma yake amelala wima kwa uchovu. Hakuwa na gunia wala mfuko. Walikuwa wamepanda mlima tangu usiku, na nilijua kwa kuutazama mzigo wake kwamba hakupewa kitu.

Alilitazama shamba. Alilitazama kutoka mwanzo mpaka mwisho, mdomo wazi, kisha akautua mkeka, akashuka, akawa anatembea katikati ya miche anainama, anagusa huu, anagusa ule. Akafika kwangu. Nilitaka kuinuka nikimbie, mbegu zikamwagika kwenye sketi zikatawanyika miguuni pake.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba."

Akachuchumaa. Akaokota zile mbegu zote, moja moja, akaninyooshea mkono. Nikatoa wangu. Akaugeuza kiganja, akatazama udongo kwenye kucha zangu, akatazama muda mrefu, mpaka machozi yangu yakaanza kudondoka kwenye mikono yetu wote wawili. Nilifungua mdomo niseme. Akaniwekea mbegu kiganjani, akanikunja vidole kimoja kimoja mpaka ngumi ikafunga.

Juu ya tuta Niwaeli alikuwa amezinduka, akaita, "Mama, ni nani huyo?"

"Hakuna mtu," Mama Niwaeli akajibu bila kugeuka. Akaninong'oneza, "Pita kule chini kwenye migomba. Kanawe mikono mferejini, mwanangu, kabla watu hawajakuona."